Hatua za Cherehani

Kosa lenyewe lilikuwa namba moja tu: mbili nukta nne. Ilikaa ukurasa wa sitini na moja wa tasnifu yake, katikati ya jedwali, imetulia kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa akajichagulia kiti cha mbele.

"Vipimo vyote vya kisigino vimezidishwa kwa mbili nukta nne," aliandika, "kwa sababu kihisi kilipungua nguvu kadiri siku zilivyokwenda."

Sentensi safi. Aliisoma mara nyingi, akaisahihisha koma, akaipenda. Kitu pekee kilichokosekana ndani yake ni ukweli.

Kwao walimwita Injinia tangu akiwa msichana wa kufungua redio za watu na kushindwa kuzifunga. Alipomaliza diploma akaajiriwa kutengeneza mitambo hospitalini, jina likamganda. Sasa alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa tiba, na kazi yake ilikuwa mguu. Mguu bandia wa chini ya goti, mwepesi, wenye kisigino cha mpira kinachobonyea na kikombe cha plastiki cha kuingizia kigutu. Ndani yake alificha vihisi viwili: kimoja kwenye muundi cha kuhesabu hatua, kingine kisiginoni cha kupima uzito unaotua. Kadi ndogo ya kumbukumbu ilihifadhi kila kitu. Mtu akiuvaa wiki sita, akatembea hatua zisizopungua elfu mbili kwa siku, jopo la chuo litakubali kwamba mguu unafaa.

Alianza na watu watatu. Wa kwanza alihama mji na mguu wenyewe hakuurudisha. Wa pili aliurudisha siku ya tatu, ameufunga vizuri kwenye gazeti, akasema kwa adabu kwamba magongo yake yanamtosha. Injinia hakumuuliza kwa nini. Aliandika, "Mshiriki alijiondoa kwa sababu binafsi," akafunga daftari haraka, kama mtu anayefunga mlango asisikie anachoitiwa.

Akabaki Mjomba.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama yake, fundi cherehani mwenye chumba kimoja cha kazi barabarani na maneno ya kutosha vyumba kumi. Mguu wake wa kulia uliondoka na lori miaka tisa iliyopita. Tangu hapo alitembelea mguu wa zamani wa hospitali, mzito kama mlango, ambao aliuita "mke mdogo" kwa sababu, alisema, unalalamika kila wakipanda ngazi. Baba yake Injinia alipofariki, Mjomba ndiye aliyemshonea sare za shule kuanzia darasa la tatu hadi la mwisho. Siku aliyosikia kwamba mpwa wake amekwama, alikunja suruali mwenyewe.

"Pima," alisema. "Mimi nimepima watu miaka thelathini. Acha leo nipimwe."

Wiki ya kwanza data zilikuwa kidogo na za hovyo: hatua mia nne, mia tatu, mia na ishirini. Injinia alimpigia simu.

"Mjomba, unauvaa?"

"Nauvaa, mwanangu. Tunazoeana."

"Ni kwamba nahitaji elfu mbili kwa siku. Zikipungua, jopo halitaangalia kazi yangu hata mara mbili."

Ikasikika sauti ya mtu anayeng'ata uzi.

"Elfu mbili. Basi ungesema tangu mwanzo."

Kuanzia Jumatatu iliyofuata hatua zikapanda hadi elfu tatu, elfu nne. Kila Ijumaa mkaza mjomba, yaani mke wake Mjomba, aliileta kadi chuoni ikiwa imefungwa kwenye leso, maana soko lake lilikuwa njia hiyohiyo. Injinia aliipokea, akashukuru, akaulizia hali ya nyumbani, akaambiwa ni salama. Kwenda mwenyewe hakwenda. Kazi ni nyingi, alijiambia. Na ni kweli kazi zilikuwa nyingi, lakini nyumba ya Mjomba ilikuwa mwendo wa dakika ishirini tu kutoka maabara.

Ukweli ni kwamba aliiogopa grafu. Watu hawatembei hivyo. Mtu huenda, husimama, hugeuka, hujikwaa, huamka alfajiri kwenda chooni. Mstari wa Mjomba ulianza saa mbili asubuhi, ukatulia saa saba mchana, ukarudi saa nane, ukakoma saa kumi na moja. Hatua mia mbili mfululizo zinazofanana kama punje za mahindi, kisha kimya, kisha mia mbili nyingine. Na kisiginoni, pale ambapo uzito wa mwanamume mzima ulitakiwa kutua kwa kishindo, palikuwa na mguso mwepesi, kama mtu anayepapasa.

Alijitia hamnazo. Alijiambia kihisi kimechoka, akatafuta namba ambayo ukizidisha nayo mguso huo unapata uzito wa mtu. Ikatoka mbili nukta nne.

Aliyemharibia usingizi ni fundi wa maabara, mwanamume mfupi aliyeitwa Bisibisi kwa sababu hakuonekana bila moja sikioni, kama wengine wanavyoweka kalamu. Mguu uliporudishwa baada ya wiki ya sita, Bisibisi aliubana kwenye meza, akapandisha mawe ya mizani juu ya kisigino, moja baada ya jingine, akaandika.

"Kihisi chako kizima," alisema.

"Hakiwezi kuwa kizima."

"Kwa hiyo mizani ndiyo inakuonea wivu? Kilo kumi inasoma kumi. Kilo hamsini inasoma hamsini." Akamtazama kwa chini. "Injinia, kifaa hakijakosea. Nenda kamwone aliyekivaa."

"Nitakwenda."

"Tasnifu si umeshawasilisha?"

"Nimewasilisha."

Bisibisi akarudisha bisibisi yake sikioni, akaondoka. Heri angetukana.

Siku hiyohiyo Profesa, msimamizi wake, alimwita ofisini. Alikuwa mama mwenye sauti ndogo na mafaili makubwa, na sifa alizitoa kwa kijiko cha chai. Siku hiyo alimwaga bakuli zima.

"Kliniki ya viungo imesoma muhtasari wako. Wameupenda. Ukishatetea Alhamisi, wanaanza kutengeneza miguu tisa kwa mchoro wako huohuo. Watu tisa, binti. Wameshapimwa."

"Tisa?" Injinia aliuliza.

"Unaona jinsi karatasi inavyogeuka kuwa mtu?" Profesa alitabasamu. "Na mjomba wako ningependa aje. Aingie mbele ya jopo, atembee kidogo. Wazee wale wanapenda kuona."

Jumanne asubuhi Injinia alichukua mguu kwenye mfuko, akaenda. Alisema moyoni kwamba anaupeleka kwa ajili ya maonyesho ya Alhamisi. Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi. Mjomba hakuwapo, ila mkaza mjomba alikuwa amekaa kwenye cherehani akichomoa uzi.

"Karibu, Injinia wetu! Mwenyewe yuko uani ananawa. Kaa, ila usikalie joho."

"Joho gani?"

Mwanamke yule akaziba mdomo, akacheka. "Maskini mimi, ilikuwa siri." Akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na joho jeusi limening'inia kwenye msumari, refu, mikono mipana, mkunjo juu ya mkunjo, mishono midogo imepangana mamia kwa mamia. Upindo wa chini tu ndio uliobaki. "La mahafali yako. Wiki tano nzima analishona. Kasema mpwa wake havai la kukodi, lililovaliwa na mabega ya watu."

Injinia alilisogelea. Wakati huo macho yake yakashuka kwenye kikanyagio cha cherehani. Upande wa kulia, kwenye chuma, palikuwa na mpira mweupe wa kiunoni uliofungwa mafundo mawili, umelegea, umechakaa katikati kwa kubana kitu kwa muda mrefu. Kitu chenye unene wa kifundo cha mguu.

Hakuhitaji kompyuta. Saa mbili hadi saa saba. Saa nane hadi saa kumi na moja. Mia mbili mfululizo, kisha kimya cha kugeuza kitambaa.

Mjomba aliingia akitembelea mke mdogo, ko, ko, ko, taulo begani. Alimwona mpwa wake, akaona anakotazama. Kwanza akataka kucheka, kisha akaona hachekewi.

"Aa," alisema. "Umefika."

"Mjomba, mguu uliufunga hapa?"

"Si ulitaka elfu mbili?"

"Nilitaka utembee elfu mbili!"

"Uliniambia hatua. Sikujua unataka na mwendo." Alikaa juu ya stuli, akajaribu mzaha wake wa siku zote. "Mbona mguu wako umetembea sana? Nimekanyaga mimi kwa mguu wa kushoto, na wenyewe ukafuata pembeni kama mtoto na mama yake sokoni. Umekwenda mbali kuliko mimi."

"Kwa nini hukuuvaa?"

Mkaza mjomba ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye uzi wake.

"Mwonyeshe."

"Wewe mwanamke."

"Mwonyeshe mtoto, au nitaivuta mimi hiyo suruali."

Mjomba akaivuta mwenyewe. Akavua mke mdogo, akafunua kigutu. Upande wa ndani, chini ya goti, palikuwa na kovu jipya lenye upana wa kifungo cha koti, waridi, katikati bado bichi. Kando yake jingine dogo. Injinia alilitambua mara moja. Si kidonda alichokitambua, ni umbo lake: ukingo wa kikombe alichokichora mwenyewe, kona ambayo aliikata kwa haraka ili plastiki ipungue.

"Wiki ya kwanza tu," Mjomba alisema. "Nikaacha. Kimepona hiki, usikitazame hivyo. Kidonda kidogo na elimu kubwa, kipi kizito?"

"Ungeniambia."

"Ulipopiga simu nilitaka kukuambia. Ukasema jopo halitaangalia kazi yako." Alirudisha suruali chini. "Basi nikasema, nimemshonea huyu sare miaka yote, nitashindwa hatua?"

Injinia alitafuta hasira ndani yake, maana hasira ingemsaidia. Angepata mtu wa kumlaumu. Lakini kila alipoigusa iligeuka kuwa ile grafu, na yeye mbele yake, usiku na mchana, anajua na anazidisha. Yule wa pili naye, aliyeurudisha mguu ndani ya gazeti. Huenda alikuwa na kifungo kama hicho chini ya goti, na hakuulizwa.

"Alhamisi unatakiwa uje," alijisikia akisema. "Utembee mbele ya jopo."

Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. Bado alikuwa anatafuta njia.

"Nitakuja," Mjomba alisema upesi. "Hatua kumi kwa mguu huo nitajikaza kisabuni. Nitatabasamu hadi wadhani nacheza."

Injinia aliuacha mguu pale, akaenda zake bila kukataa. Hilo ndilo lililomtafuna siku mbili zilizofuata, kuliko hata namba: kwamba mzee alijitolea mara ya pili, na yeye akanyamaza mara ya pili.

Alhamisi, saa nne asubuhi, chumba cha semina kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na wajumbe wanne wa jopo. Profesa alikaa pembeni. Katikati alikaa mtahini kutoka nje, daktari wa upasuaji wa mifupa, mwenye miwani minene na tabia ya kusikiliza akiwa amefumba macho. Bisibisi alisimama nyuma karibu na swichi ya projekta. Mjomba alikaa mstari wa mbele na mkewe, ndani ya suti aliyoishona kwa siku hiyo, mguu mpya umevaliwa, mikono juu ya magoti. Mkewe alikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki mapajani. Injinia alijua kilichomo.

Alizungumza dakika ishirini. Mpira, plastiki, uzito, bei ya vifaa, picha. Sauti ilitoka vizuri. Alipofika kwenye jedwali la ukurasa wa sitini na moja aliliruka kwa haraka, lakini daktari akafumbua macho.

"Hii mbili nukta nne. Kihisi kilipimwa upya baada ya jaribio?"

"Kuna... tulikuwa na mpango wa kukipima."

Nyuma, Bisibisi alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mtu asiye na mafua.

Profesa aliingilia kati kwa upole. "Daktari, labda tumwone mshiriki mwenyewe akitembea. Mguu unajieleza zaidi ya jedwali. Mzee, tafadhali."

Mjomba alisimama. Alivuta koti, akamkonyeza mpwa wake, akaanza kutembea kati ya viti na meza. Alikuwa anatabasamu kwa meno yote. Injinia hakuutazama uso. Alitazama kisigino. Kilikuwa hakitui. Mzee alikuwa akitua kwa ncha ya kidole, akikiinua kigutu ndani ya kikombe kwa nguvu za paja tu, na kila hatua mkono wake wa kulia ulikamata mgongo wa kiti kimoja, kingine, kingine. Hatua ya nne. Ya tano. Jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye kola aliyoipiga pasi.

"Safi," mjumbe mmoja alisema.

Ya sita.

"Mjomba, kaa," Injinia alisema.

"Bado nne, mwanangu."

"Kaa, nakuomba. Vua huo mguu."

Mjomba akasimama katikati, hajui pa kuweka tabasamu. Injinia akarudisha picha nyuma hadi kwenye grafu, ule mstari wake mzuri wa punje za mahindi.

"Hizi si hatua," alisema. "Hii ni cherehani. Mguu ulifungwa kwenye kikanyagio ukakanyagwa wiki tano. Aliyeuvaa alipata kidonda wiki ya kwanza. Kikombe kina kona mbaya upande wa ndani."

Profesa aliweka kalamu chini polepole sana. Daktari alivua miwani.

"Ngoja nielewe," alisema. "Mshiriki alikudanganya?"

Hapo mlango ulifunguka, na ulikuwa mlango mpana. Mshiriki amedanganya, mtafiti ametapeliwa, jaribio linarudiwa, msichana anasikitikiwa, labda wiki kadhaa tu. Na Mjomba, aliyekuwa ameelewa upesi kuliko wote, akausukuma wazi zaidi.

"Ndiyo, daktari," alisema, mkono umeshika kiti. "Ni mimi. Huyu hakujua kitu. Mimi ni mtu mzima hovyo, nilidhani ni mchezo. Msimwadhibu mtoto kwa uzembe wa mzee."

Wote wakamgeukia yeye, Injinia. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi. Lilikuwa ulimini tayari, na lilikuwa na herufi chache kuliko jina lake.

Alimtazama mzee aliyesimama kwa mguu mmoja na nusu, suti mpya, akiomba aaminiwe kuwa ni mwongo.

"Hapana," alisema. "Nilijua. Si kuhusu cherehani, hiyo nimeiona Jumanne. Lakini wiki ya pili nilijua kwamba mtu hatembei hivi, na sikwenda kuuliza. Kihisi ni kizima. Kimepimwa, na niliambiwa. Hiyo mbili nukta nne nimeitafuta mimi ili ionekane mtu ametembea. Mshiriki wa pili naye aliurudisha mguu siku ya tatu, sikumuuliza. Naomba kliniki wasitengeneze ile miguu tisa."

Bisibisi alizima projekta. Hakuna aliyemwambia.

Hukumu ilichukua nusu saa ya kusubiri kwenye korido, watatu juu ya benchi la mbao. Tasnifu imekataliwa. Barua ya onyo itaingia kwenye faili lake. Akipenda kuendelea, aanze jaribio upya, washiriki wapya, msimamizi mwenza kutoka kliniki, mwaka mmoja. Profesa alimsomea yote kwa sauti ileile ndogo, na mwishoni akasema, "Nimeshawapigia kuhusu wale tisa," kisha akaingia ofisini na kufunga mlango. Hakuupiga. Aliufunga tu.

Getini Mjomba alisimama.

"Nilikuwekea kiti, ukakataa kukalia," alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa na mzaha, na Injinia hakuwa amewahi kuisikia bila mzaha. "Mbele ya watu wenye akili zao nimejiita hovyo. Kwa ajili yako. Ukaniacha nimesimama nalo hilo neno."

"Nisamehe, Mjomba."

"Sijui kama nimekasirika. Niache nijue kwanza."

Akaondoka na mkewe, mke mdogo umerudi kazini, ko, ko, ko, mguu mpya ukiwa kwapani mwa mwanamke pamoja na ule mfuko wa plastiki.

Injinia alikaa siku nne bila kwenda. Siku ya tano alikwenda, amebeba ndoo ya plasta na bendeji za kuchukulia umbo la kigutu. Alisimama mlangoni. Joho halikuwa ukutani. Lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wake, juu ya kabati, upindo bado haujashonwa. Mpira wa kiunoni haukuwapo kwenye kikanyagio. Mjomba alikuwa anapiga mshono wa gauni la mteja na hakusimamisha mashine.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuuliza nilichotakiwa kuuliza wiki ya kwanza."

Cherehani ilikwenda hadi mwisho wa mshono. Alikata uzi. Alikaa akiutazama mlango, kisha ndoo, kisha mpwa wake.

"Washiriki wapya, walisema. Mimi si wa zamani?"

"Wewe huhesabiwi. Hutaingia kwenye jedwali lolote. Nataka tu nijue kikombe kimekuumiza wapi, kabla sijamvalisha mtu mwingine."

Akakunja suruali, bila haraka, akavua mke mdogo. Injinia alipiga magoti sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, akashika kigutu kwa mikono miwili. Akabonyeza upande wa ndani, karibu na kovu.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi."

"Mjomba."

Mzee alitazama dari. Taya lilimcheza. Nje mtu alipita akiuliza bei ya kushona suruali, akajibiwa na mkaza mjomba asubiri.

"Panauma," alisema.

"Na hapa?"

"Hapo pia. Na huku nyuma, ukikanyaga. Nyuma ndiko kubaya, hukukuona." Alinyoosha mkono mezani, akachukua chaki yake bapa ya kuchorea vitambaa, akampa. "Chora wewe. Na usikimbie. Hiyo kona ya kwanza uliikata kama mtu anayewahi basi."

Injinia akachora duara la kwanza juu ya ngozi, jeupe, dogo. Lilikaa pembeni kidogo, akalifuta kwa kidole, akaanza tena.